Mashine ya Kufukuza Mbu

Nyumba yetu ya Ngamiani ina vyumba vinne, ukumbi mmoja, ua wenye karo na choo, na luku moja ya umeme ya watu wote. Kwa kuwa luku ni moja, hakuna kitu chenye waya kinachoingia kimyakimya. Siku ya kununua umeme Bibi hukaa uani juu ya mbuzi ya kukunia nazi kama hakimu, wapangaji husimama kumzunguka, na mwenye kitu kipya hueleza mbele yao kitu hicho kina kazi gani na kinaifaa nini nyumba. Pasi ya umeme ya fundi cherehani ilishindwa kesi, ikarudi dukani, naye akaendelea na pasi yake ya mkaa. Feni ya dereva wa bajaji ilishinda kwa sharti kwamba izimwe akitoka. Kuna mpangaji mmoja, ameshahama, birika lake la umeme lilihukumiwa likiwa bado ndani ya boksi.

Nayasema haya mjue kwamba sikudanganya kwa kupenda tu. Kudanganya napenda, sikatai, shuleni nina sifa hiyo na walimu wawili wanaweza kutoa ushahidi. Lakini safari hii nilikuwa mahakamani.

Mashine yenyewe niliinunua likizo ya kumaliza kidato cha tatu, kwa vijisenti vya kubadilisha vioo vya simu. Nilimpata mtu wa Dar aliyechoka nayo. Ikaja kwa basi ndani ya kopo la maziwa ya unga, imeviringishwa kwenye soksi. Ni kidude cha ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia: ubao, chipu moja, feni mgongoni, taa ya bluu, na kioo kidogo cha kuonyesha namba. Kazi yake ni kuchimba bitcoin, ila msiwaze sururu wala shimo. Inachofanya ni kubahatisha. Duniani kote mashine zinashindana kubahatisha namba, na kila baada ya dakika kama kumi kuna mmoja anapatia, analipwa, na mchezo unaanza upya. Wakubwa wana maghala ya mashine zinazonguruma kama kinu. Wadogo wengi hujiunga vikundi, mmoja akipatia wanagawana makombo. Mimi nilikuwa peke yangu na kidude changu, na umeme wa taa moja ya ukumbini. Ni sawa na kufungua kufuli la benki kwa kijiti cha meno, ila unajaribu mara mabilioni kwa sekunde, bila kuchoka wala kuona haya. Nikipatia, chote changu. Nikikosa, nakosa peke yangu na hakuna wa kunicheka.

Nilijua nitakosa. Nimesoma hesabu za uwezekano na nilizipata vizuri. Hata hivyo kila asubuhi nilikuwa naangalia kile kioo kabla sijanawa uso.

Sasa, kubahatisha kwa bibi yangu kuna jina moja tu: kamari. Nimewahi kumwona akiitumbukiza tiketi ya bahati nasibu ya mtu mzima kwenye maji ya karo huku mwenyewe amesimama anatazama. Kwa hiyo siku ya kesi yangu nilisimama uani na kidude mkononi, kichwani sina hata neno moja.

"Na hicho ni nini, mume wangu?" Bibi aliniuliza. Ananiita mume wangu, kama bibi wa pwani anavyomwita mjukuu wa kiume, nami namwita mke wangu, mke niliyeozwa akiwa na meno matatu.

Mbu alikuwa amenitua ugokoni. Nilimpiga kofi, nikaona damu yangu mwenyewe, na uongo ukaja wenyewe, mzima, umeshavaa nguo.

"Ya kufukuza mbu, mke wangu."

Nikaupamba. Nikasema inatoa mlio ambao sikio la mtu haliupati, lakini mbu akiusikia anajiona kama yuko kwenye shughuli ambayo hakualikwa, anaondoka kwa aibu. Watu wakacheka. Dereva wa bajaji, ambaye ni mdadisi kupita kiasi, akauliza hizo namba kwenye kioo ni za nini. Nikamjibu kwamba inahesabu mbu iliowafukuza. Akazitazama zile tarakimu zinavyokimbia, akalitazama karo letu lililoziba tangu Mfungo Mosi, akasema kwa hapa petu hiyo hesabu inaweza kuwa sahihi.

Mashine ikapita bila sharti hata moja.

Aliyenisikiliza kuliko wote siku ile alikuwa mke wa fundi. Fundi hushona sare za shule kwenye baraza letu la mbele. Yeye na mkewe ni Washambaa, Walutheri, watu wa milimani ambako hata mwezi wa kwanza mtu anavaa sweta. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi minne. Kabla ya hiyo kulikuwa na nyingine iliyotoka, jambo ambalo nyumba nzima ilikuwa inalijua na hakuna aliyelitaja. Fundi alikuwa ameshaanza kushona vinguo vidogo kwa vipande vya vitambaa vya wateja, halafu anavificha chini ya cherehani, kana kwamba mimba ikiviona itaogopa.

Joto la Tanga lilikuwa linamtesa yule dada. Chandarua alichopewa kliniki alikuwa anasema ni kama kulala umefunikwa sufuria. Basi wiki ile ile Bibi aliniita, akaniambia nimpelekee yule dada mashine, mimi damu yangu chungu na mbu hawana shida nayo. Nilikunja uso kidogo kwa heshima ya mali yangu. Halafu nikapiga hesabu. Chumbani kwetu Bibi alikuwa anaichomoa kila anapotoka, kwa kuogopa moto. Chumba cha fundi kina mtu mchana na usiku. Huko isingezimwa.

Kwa hiyo niliipeleka mwenyewe, tena mbio. Nikaipandisha juu ya kabati lao, nikachomeka, taa ya bluu ikawaka. Simu yangu ya zamani niliiacha upande wangu wa ukuta iendelee kuipa mtandao. Nikamwambia yule dada asiizime hata dakika moja, kwamba mbu ni kama wageni wa jioni, ukiwafungulia mlango mara moja wamezoea. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, anatafuna kipande cha udongo kama watafunavyo wenye mimba.

"Na chandarua je?" aliniuliza.

"Chandarua ni cha kuvulia dagaa, dada."

Alicheka mpaka akashika tumbo. Mimi nikichekesha mtu huwa sijiulizi tena nimesema nini. Nilitoka pale natembea kwa mbwembwe, nikijua kwamba mashine yangu imepata makao ya kudumu.

Wiki mbili baadaye alinituma stendi. Mama mkwe wake anaishi kwenye nyumba za shamba la mkonge upande wa Muheza, na alikuwa amelalamika mbu. Dada alikuwa ameshafunga mzigo: mchele kidogo, khanga moja, na juu yake kile chandarua, kimefuliwa, kimekunjwa vizuri kama shuka la wageni. Nilikiona. Nilikishika. Nilikifunga mwenyewe kwenye kibebeo cha baiskeli kwa mpira.

Kutoka nyumbani mpaka stendi ni mwendo wa kutosha mtu kubadili nia. Nilisimama mahali pawili, mara moja kwa sababu ya ng'ombe na mara moja bila sababu. Nilifikiri: nikirudi nikasema ukweli, Bibi ataitupa mashine kwenye karo. Nikafikiri tena: masika bado. Na wiki ile kidude kilikuwa kimeanza kunipa raha. Kioo huweka rekodi, yaani ule ubahatishaji uliokaribia zaidi kupatia kuliko mwingine wote, na rekodi yangu ilikuwa imepanda mara mbili ndani ya siku tatu. Mtu ambaye hajawahi kusubiri kitu cha namna hiyo hawezi kuelewa. Unakuwa kama mtu aliyesikia mlango unagongwa nyumba ya pili, na anajua kwamba unaofuata ni wake.

Nikampa kondakta mzigo. Nikarudi nikipiga mluzi.

Masika yalipokuja yalikuja kwa hasira. Maji yalisimama uani, yakasimama kwenye tairi bovu la bajaji, yakasimama kwenye ndoo isiyo na mwenyewe. Ukiinama ukatazama unaona viluwiluwi vinajinyonganyonga, vingi, kimya, kama maandishi ya mtu mwenye haraka. Jioni mbu walikuwa wanaimba ukumbini mpaka Bibi akawa anawajibu matusi.

Lakini chumbani kwa fundi, kwa maneno ya mkewe, mbu walikuwa wamepungua. Aliapa. Aliwaambia wanawake wanaokuja kupima sare za watoto wao, akawaingiza chumbani wakaione. Fundi alionyesha miguu yake imejaa alama, mkewe akamwambia hao anawaleta mwenyewe kutoka barazani kwenye suruali. Na mimi nilikuwa pale, na nilicheka na wengine. Kudanganya nimezoea. Kumsikia mtu akiushuhudia uongo wangu kwa macho yake mawili, hilo lilikuwa geni.

Siku moja alikuwa anaosha vyombo kwenye karo, mikono ya gauni imekunjwa mpaka kwenye viwiko. Niliona vidoa vyekundu, vingi, kuanzia kiganja kwenda juu. Aliona ninavyotazama.

Akasema ni vipele vya joto. Nami nikasema ndiyo, joto la mwaka huu si la kawaida.

Shuleni simu ni kosa, kwa hiyo ile yangu ninayoitumia ilikuwa inasafiri ndani ya mkate nusu niliouchimba katikati. Saa ya mapumziko naenda nyuma ya vyoo, natoa simu kwenye mkate, naangalia mashine inaendeleaje huko nyumbani. Jumanne moja, mvua imenyesha tangu alfajiri, nilifungua nikaona rekodi imeruka. Ilikuwa imeruka vibaya, juu kuliko yote niliyowahi kuona, bado haijafika penyewe lakini imekaribia kiasi kwamba nilisahau niko nyuma ya vyoo. Niliruka juu. Niliukumbatia mkate. Nilirudi darasani nikakaa kama tajiri, mwalimu wa jiografia ananiuliza mito ya Tanzania nami nawaza nitamnunulia Bibi meno.

Nilipofika nyumbani niliona kwanza majani ya mwarobaini yaliyotapakaa ukumbini. Bibi alikuwa anachemsha sufuria kubwa. Mlango wa fundi ulikuwa wazi. Yule dada alikuwa amelala amejikunja, amefunikwa khanga mbili na juu yake koti la mteja ambalo halijatiwa vifungo, anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Mvua ilikuwa imekatika, na nje joto lilikuwa la kuyeyusha nta. Tumbo lake la miezi minane lilionekana chini ya koti kama kitu alichopewa ashike kwa muda.

Na mashine haikuwa tena juu ya kabati. Bibi alikuwa ameishusha akaiweka juu ya kigoda, karibu kabisa na mto wake, ili imsaidie zaidi. Feni yake ilikuwa inavuma. Taa ya bluu ilikuwa inamwakia usoni.

Nilianza kusema. Nakumbuka kwamba nilianza, na nimejihesabia hilo mara nyingi, lakini halijai hata kiganja. Nilisema Bibi, hiyo mashine... Bibi akanituma maji. Nikaenda kuchota maji. Niliporudi nilikuwa nimeshapoteza ujasiri, na sikuutafuta.

Kilichofuata ndicho ambacho sikukifikiria hata kidogo nilipokuwa nauvisha uongo nguo. Kila mtu Tanga anajua homa ya kutetemeka wakati wa masika ni nini. Mtoto wa darasa la kwanza anajua. Lakini kwenye nyumba yetu jambo hilo lilikuwa limefungwa, kwa sababu mashine ilikuwepo. Fundi alisema labda ni malaria, na Bibi, mwanamke aliyezika na kuuguza kuliko daktari, akamjibu kwamba malaria itoke wapi na mashine inawaka usiku kucha? Basi wakaanza kutafuta kwingine. Bibi akasema ni uchovu wa mimba. Kesho yake akasema ni husuda, wale wanawake wa sare walioingizwa chumbani, kuna mmoja alimtazama tumbo sana. Akafukiza ubani. Fundi akaleta vidonge vya maumivu kutoka dukani. Homa ikawa inashuka, anakunywa uji, wanashukuru Mungu, kila mmoja kwa dini yake, halafu inarudi.

Siku mbili. Jumanne na Jumatano. Nilikuwa najua peke yangu katika nyumba ya watu watano, na siku zote hizo nilikuwa nakwenda shule na mkate wangu.

Alhamisi nilipotoka shule dereva wa bajaji alikuwa amesimamisha bajaji mlangoni, injini inaunguruma. Dada alikuwa ameanza kuzungumza na ukuta, kwa Kishambaa, akimwambia mama yake aliyekufa kwamba anakuja kuchota maji. Tulimbeba kwa khanga. Fundi akakaa nyuma amempakata, mimi nikajibana mbele pembeni ya dereva, goti nje kwenye mvua. Dereva huwa haachi kuongea. Siku ile alipiga honi tu mpaka hospitali.

Daktari alikuwa msichana tu, amechoka, kalamu ameichomeka kwenye nywele. Alimtazama macho, akambonyeza tumbo, akasikiliza. Akamuuliza fundi maswali ya haraka haraka huku muuguzi anatoa damu. Homa tangu lini, wiki ngapi, kliniki amehudhuria. Halafu:

"Analala kwenye chandarua?"

Fundi alijinyoosha. Alikuwa bado na futi yake ya kupimia shingoni, amelowa, na alijibu kwa heshima ya mtu aliyetimiza wajibu wake.

"Hatuna haja nacho, daktari. Tuna mashine."

Daktari aliinua kichwa. "Mashine gani?"

Wote wakanigeukia. Fundi, dereva, hata muuguzi akafuata macho yao. Nilikuwa na sare yangu ya shule, ile ile aliyonishonea fundi, na mkate kwenye mfuko.

"Siyo ya mbu," nilisema.

"Sasa ni ya nini?"

"Inachimba bitcoin."

Ukweli nilioufungia miezi yote ile ulichukua muda wa kupiga chafya. Daktari hakunikemea. Hakuwa na nafasi. Aliandika kitu, akamwambia muuguzi wasisubiri majibu, na kitanda kikasukumwa kupita mlango wenye pazia la plastiki. Fundi alibaki ananitazama. Nilitegemea anipige, nilikuwa tayari, nilikuwa nimeshakaza shavu. Aliivua futi shingoni, akaanza kuiviringisha kwenye kidole, taratibu, sentimita baada ya sentimita, mpaka ikaisha. Akaiweka mfukoni. Akaenda kukaa upande wa pili wa ukumbi, mbali na mimi.

Mtoto alizaliwa Jumamosi, kabla ya wakati wake. Wa kike. Nilimwona baada ya siku kadhaa kupitia kioo cha mlango, amefungwa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, kichwa chake sawa na chungwa la Muheza, tena la msimu mbaya. Mama mwenyewe alikuwa amekauka kama aliyekamuliwa. Waliniambia wote wawili wako hai, na walisema vile ambavyo mtu anasema jambo ambalo hajaruhusiwa kulitangaza.

Bibi nilimweleza mwenyewe, uani, mimi nimesimama na yeye amekaa juu ya mbuzi yake. Alinisikiliza kuanzia mwanzo. Aliniuliza swali moja tu, kama nilipopeleka ule mzigo stendi nilijua kwamba chandarua kimo. Nikasema ndiyo. Akaingia chumbani kwa fundi, akaizungushia mashine ncha ya khanga kama mtu anayeokota kaa la moto, akaichomoa, akaitia kwenye kopo lake la maziwa na kulisukuma chini ya kitanda chake. Tangu siku ile haniiti mume wangu. Ananiita jina langu, lote, pamoja na la baba. Sijawahi kulisikia likisikika vibaya hivyo.

Walirudi nyumbani baada ya wiki tatu. Nilikuwa nimenunua chandarua kipya na nimekitundika mwenyewe, kamba nne, misumari minne, nimekichomeka chini ya godoro pande zote. Niliwaomba radhi wote wawili. Fundi aliitikia kwa kichwa akiwa anatazama sakafu. Mkewe aliniambia nisijali, kwa sauti ya kawaida kabisa. Halafu akaniuliza mashine iko wapi.

Nilidhani hakuelezwa. Nikamweleza upya. Nikamwambia haijawahi kumfukuza mbu hata mmoja, kwamba zile namba ni za kubahatisha pesa, kwamba mlio ulikuwa wa feni. Alinisikiliza huku anambembeleza mtoto, kwa subira, jinsi mtu mzima anavyomsikiliza mtoto anayemtungia hadithi.

"Daktari hajalala chumba hiki," alisema. "Niliyelala ni mimi. Walipungua."

"Dada, mikono yako ilikuwa imejaa."

"Luku iliisha usiku mmoja, ikazimika mpaka asubuhi. Ndipo waliponila. Wewe mwenyewe uliniambia nisiizime."

Nilikuwa nimemwambia hivyo kweli. Nina ulimi ambao umewatoa jasho walimu wa miaka kumi na moja, na nilisimama pale mbele ya mwanamke aliyenusurika kufa, nimeshindwa kesi na ukweli niko nao mkononi.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa chandarua. Saa kumi na mbili jioni, kabla giza halijashika, naingia chumbani kwa fundi, nakishusha, nachomeka kingo chini ya godoro, natoka. Asubuhi nikipita nakikuta kimefungwa fundo juu. Jioni nakishusha tena. Nilimwomba fundi asimamie. Akasema mtoto akiwa ndani analia kwa joto, na mama yake akilia yeye hawezi kushona.

Wiki iliyopita nilirudi kutoka shule mapema. Mlango wao ulikuwa wazi, na kabla sijafika nilisikia mvumo ninaoujua. Kopo la maziwa lilikuwa limetoka chini ya kitanda cha Bibi, liko wazi sakafuni. Mashine ilikuwa juu ya kigoda, feni inazunguka, taa ya bluu inamulika kitanda. Kioo kilikuwa kinaonyesha sifuri, maana ile simu ya zamani nilishaizima na mashine haina mtandao wa kushika. Haikuwa inachimba chochote. Ilikuwa inavuma tu, na mtoto amelala karibu yake, mdogo, mdomo wazi, miguu nje ya khanga. Chandarua kilikuwa fundo juu.

Niliichomoa. Mama yake alikuwa uani na aliona. Baada ya Magharibi nilisikia mvumo ule ule kupitia ukuta. Nikaingia, nikachomoa, nikashusha chandarua. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Niliwaza kuitupa baharini, lakini Bibi, kwa jina langu lote, alisema nimwachie mzazi kitu kinachompa usingizi, kwani mimi nimeshamnyang'anya cha kutosha.

Sasa sisi wa kidato cha nne tunaingia kambi ya mtihani, kulala huko huko shuleni mpaka tumalize. Nitakuwa mbali na kile chumba jioni zote, na vuli inakuja ndani yake. Mtu pekee ninayeweza kumwomba ni dereva wa bajaji. Jana nilimfuata anaosha bajaji yake, nikamwomba kila siku saa kumi na mbili apite, akishushe, achomeke kingo, basi. Nikamwonyesha kwa mikono. Alikubali, na najua akikubali kitu anafanya.

Halafu akapunguza sauti. Akaniambia mke wake yuko Tongoni kwa wazazi wake, ana mimba ya miezi mitatu, na kule karibu na mikoko mbu ni balaa. Akauliza kama yule mtu wangu wa Dar anaweza kuwa na nyingine.

Huyu alikuwepo hospitali. Alinisikia kwa masikio yake. Nilimweleza yote tena, neno kwa neno, nimemshika mkono, nikamwambia mke wake alale kwenye chandarua hata kama kinachoma kama tanuri. Alisikiliza mpaka mwisho, akikamua kitambaa chake taratibu, akitingisha kichwa kwamba ananielewa.

Kisha akaniuliza bei.